Nyota Tano za Adabu

Nimekuwa kimya miezi kadhaa. Si kwamba sikuwa na la kusema, ila nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira asikaribie kibodi. Sasa zimepoa kiasi. Zimebaki za kuandikia tu.

Desemba iliyopita nilimpeleka mama pwani. Ana miaka 71 na goti moja ambalo halimsikilizi tena. Tulikuwa watu wanne. Tukapanda treni Syokimau, tukashuka Miritini, tukavuka feri pale Likoni, na jioni tukafika kwenye nyumba ya likizo niliyoikodi kupitia tovuti moja ambayo sitaitaja. Nyumba ilikuwa na alama 4.8 kwa maoni ya watu 41. 4.8, jamani! Mimi ni mwanaprogramu, kazi yangu ni kuamini namba. Nikalipa bila hata kupiga simu.

Nyumba ilikuwa ghorofani. Ngazi 32, nimezihesabu, bila reli ya kushikilia. Bomba lilikuwa kavu kwa sababu pampu iliungua juzi (ile juzi yetu ambayo yaweza kuwa Jumanne ama mwaka wa uchaguzi). Kidimbwi cha kuogelea kilikuwa na maji ya rangi ya mchicha. Kijana mwangalizi, mpole ajabu, alikuwa akibeba mitungi ya lita 20 asubuhi na jioni, akipanda ngazi zote 32. Mama naye alipanda mara moja, akaketi, akasema, "Mwanangu, mimi sishuki tena mpaka siku ya kurudi nyumbani." Na kweli hakushuka. Alisafiri kutoka Nairobi kuja kuona bahari, akaiona dirishani siku tatu.

Usiku ule nilisoma maoni yote 41, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta hitilafu ndani ya programu. Hakuna hata mmoja aliyetaja ngazi. Kuhusu maji, alitaja mmoja tu, Mjerumani, na ilibidi nibofye kitufe cha kutafsiri ndipo nimwelewe: yalikatika mara mbili mwezi Agosti, na yeye akatoa nyota tatu. Wengine, wengi wao Wakenya kwa majina, walikuwa wakiimba wimbo mmoja: mahali pazuri, mwenyeji mkarimu, tutarudi. Mahali pazuri, mwenyeji mkarimu, tutarudi. Nilipofika kwa yule wa kumi na saba nikaweka simu chini. Alikuwa binamu yangu. Nyota tano.

Nilimpigia papo hapo, saa nne usiku.

"Dada, wewe ulilala hapa Oktoba?"

"Eh! Ni pazuri, ama?"

"Maji yalikuwepo?"

"Yalikuwa yamekatika, lakini kuna kijana alikuwa anatuletea."

"Na hizi ngazi?"

"Wacha tu. Ni nyingi."

"Na ukatoa nyota tano."

Akanyamaza kidogo. "Sasa ningefanyaje? Tukiondoka alisimama pale mlangoni, akaniambia, dada naomba unisaidie na nyota tano, tajiri anaangalia. Ulitaka nimharibie mtoto wa watu kazi?"

Nilikosa jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na haya mnayosoma ndiyo niliyofikia.

Kwanza niseme wazi kwamba binamu yangu si mwongo. Ni mtu mwenye adabu. Kwetu mgeni halalamiki juu ya chakula alichopakuliwa. Ukiulizwa umelalaje unasema nimelala salama, hata kama mbu wamekufanya karamu. Hiyo ni tabia njema, na ndiyo inayofanya watu waishi pamoja bila kugombana. Lakini ukurasa wa maoni si sebule ya mwenyeji wako. Pale huzungumzi na mwenyeji. Unazungumza na mtu usiyemjua, aliye mbali, ambaye ana pesa kidogo alizoweka akiba mwaka mzima na mama mwenye goti bovu, na anakuuliza: nije ama nisije? Ukimjibu kwa adabu ya sebuleni umemdanganya. Nyota ulizompa mwangalizi kama bahashishi zililipwa na mama yangu.

Ukitaka kumpa kijana bahashishi, mpe bahashishi. Simu yako ina M-Pesa.

Na tuseme ukweli kuhusu kile kinachofanyika hapa. Tajiri hakurekebisha pampu. Badala yake alimweka kijana wa mshahara mdogo mlangoni aombe nyota, akijua kwamba sisi hatuwezi kumtazama usoni mtu aliyetubebea maji tukamwandikia mbili. Huruma yetu ndiyo pampu yake. Wenye magari ya teksi za mtandaoni wanaujua mchezo huu vizuri: alama ya dereva ikishuka, anayeumia ni dereva, si kampuni. Ukimpa kila mtu tano kwa sababu ya huruma, namba hiyo inaacha kumaanisha chochote, na tajiri anaendelea kuitumia kama fimbo. Hujamsaidia kijana. Umemsaidia aliyeshika fimbo.

Sasa nimalize na binamu, nianze na nafsi yangu, maana itakuwa vibaya nikijifanya msafi.

Mwaka 2012 nilikuwa nimetoka chuo, natengeneza tovuti za watu kwa bei ya kutupa. Mteja mmoja mwenye hoteli katika mji wa pwani aliniita akiwa amefurahia tovuti niliyomtengenezea, akasema kuna kakazi kengine. Hoteli yake ilikuwa na maoni 10 kwenye mtandao, na wastani wa 3. Alitaka maoni 20 ya nyota tano, kila moja kwa jina tofauti. Shilingi 600 kwa kila moja. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Nikafanya.

Nilienda saiba mbalimbali ili anwani za mtandao zisifanane. Nikaunda barua pepe 20. Nikawa mara mama wa watoto watatu kutoka Nakuru, mara wapenzi wawili kutoka Leeds, mara mfanyabiashara wa Kampala aliyesifia kiamshakinywa ambacho sijawahi kukionja. Piga hesabu: maoni 10 yenye wastani wa 3 ni pointi 30. Ongeza 20 za nyota tano, ni pointi 100. Jumla 130 gawanya kwa 30, unapata 4.3. Kwa shilingi 12,000 nilimtoa mtu kwenye 3 nikamfikisha 4.3, na hakuna godoro hata moja lililobadilishwa.

Mtaa huo huo palikuwa na nyumba ndogo ya wageni ya mama mmoja mjane, vyumba vitano. Ilikuwa na maoni saba ya watu halisi, wastani 4.1. Kabla sijafanya kakazi kangu ilikuwa juu ya mteja wangu katika orodha. Baadaye ikawa chini. Miaka miwili mitatu ikapita, nikapita pale tena, nikakuta ni duka la vifaa vya ujenzi. Siwezi kusema ni mimi niliyeifunga. Kuna kodi, kuna misimu mibaya, kuna mambo mengi. Lakini siwezi pia kusema si mimi, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Hebu niwaonyeshe kwa nini jambo hili linawaumiza wadogo kuliko wakubwa, maana hapa ndipo utaalamu wangu unapofaa kidogo. Wastani ni kitu chepesi sana penye watu wachache. Nyumba yenye maoni manne, yote ya nyota tano, ikipigwa nyota moja na mtu mmoja mwenye chuki, inashuka mara moja hadi 4.2. Hoteli yenye maoni 400 ya nyota tano ikipigwa nyota moja hiyo hiyo, inabaki 4.99. Hata haikwaruziki. Na upande wa uongo ni vilevile. Nyumba yenye maoni 12 na wastani wa 3.5 inahitaji maoni 24 tu ya bandia kufika 4.5. Yenye maoni 1,200 na wastani huo huo inahitaji 2,400, ambayo ni kazi ya kiwanda. Kwa hiyo mahali penye wasemaji wachache ndipo uongo unapokuwa rahisi, na uongo mmoja unapoua. Na mahali penye wasemaji wachache ni wapi? Ni kwetu. Ni gesti ya Kitui, ni mkahawa wa Kisumu, ni nyumba ya vyumba vitano ya mjane. Hoteli kubwa za ufuoni zina maelfu ya wageni wanaoandika. Zinajitetea.

Wahandisi wanalijua tatizo hili na wana dawa zake. Orodha ya filamu 250 bora ya IMDb, kwa mfano, haitumii wastani mtupu. Inachanganya alama za filamu na wastani wa jumla, ili filamu yenye wapiga kura wachache isiruke juu kwa bahati. Jaribu mwenyewe: chukulia kila nyumba inaanza na maoni 10 ya kubuni yenye alama 3.5. Nyumba yenye maoni mawili ya nyota tano itapata 3.75. Yenye maoni 200 na wastani wa 4.6 itapata karibu 4.55. Hapo angalau wawili hawawashindi mia mbili. TripAdvisor nao tangu 2016 wameeleza kwamba orodha yao hutazama ubora wa maoni, upya wake na wingi wake, si wastani peke yake. Ni sawa. Lakini oneni upande wa pili wa dawa hiyo: mjane wa vyumba vitano, hata awe mkweli namna gani na wageni wake waridhike namna gani, atabaki chini kwa sababu wageni wake hawaandiki. Hesabu haiwezi kutengeneza ushahidi ambao haukutolewa. Mashine haijui kwamba ulilala vizuri na ukaenda zako.

Wasomaji wengine wataniambia kwamba tovuti hizi ni uongo mtupu, heri tusizitumie kabisa. Wana hoja. Kumbukeni kisa cha Oobah Butler, mwandishi wa London ambaye zamani alikuwa akilipwa pauni 10 kwa kila andiko la uongo (angalau yeye alipata bei nzuri kuliko yangu). Mwaka 2017 alichukua kibanda kilicho kwenye bustani ya nyuma ya nyumba yake, akakiita The Shed at Dulwich, akapiga picha za "vyakula" alivyotengeneza kwa povu la kunyolea ndevu na tembe za kusafishia, akaomba rafiki zake waandike maoni. Mwezi Novemba mwaka huo kibanda hicho kilikuwa namba moja kati ya mikahawa yote ya London katika TripAdvisor. Mkahawa usiokuwepo! Watu walikuwa wakipiga simu kuomba nafasi, naye akiwaambia kumejaa.

Na kampuni yenyewe haifichi. Katika ripoti yao walisema kwamba mwaka 2022 walipokea maoni zaidi ya milioni 30, na karibu milioni 1.3 yalikuwa ya bandia. Hayo ni yale waliyoyakamata. Yangu ya 2012 hayakukamatwa, yalikaa pale kwa miaka.

Serikali za wenzetu zimeanza kuamka. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimhukumu kifungo cha miezi tisa mtu aliyekuwa akiuzia hoteli maoni ya uongo. Marekani iliweka kanuni ya kupiga marufuku maoni bandia, ikaanza kufanya kazi Oktoba 2024. Uingereza ikafuata Aprili 2025. Nikiwaza ile hukumu ya Lecce najishika shingo.

Lakini nikija kwenye swali lenyewe, tuache kabisa? Hapana. Anayesema tuache anasema hivyo kwa sababu ana shangazi kila mji. Mimi nikienda Marsabit sina mtu. Zamani ungeuliza utingo wa basi, na yeye angekupeleka kwenye gesti inayompa kamisheni. Uongo wa maoni haukuzaliwa na mtandao. Mtandao ulitupa kitu ambacho hatukuwa nacho, yaani uwezo wa kumuuliza mgeni wa jana kabla hujawa mgeni wa leo.

Na tukumbuke kwamba fikra hii ina mzizi hapa hapa Nairobi. Katika hoteli ya Stanley, barabara ya Kimathi, kuna mgahawa uitwao Thorn Tree, uliofunguliwa 1959, wenye mti wa mgunga katikati. Wasafiri walikuwa wakibandika vikaratasi kwenye shina la mti ule: natafuta mwenza wa safari, njia fulani imekatika, fulani nikute mahali fulani. Lonely Planet walipofungua baraza lao mtandaoni mwaka 1996 waliliita Thorn Tree, kwa heshima ya mti ule wetu. Kwa zaidi ya miaka 20 ukitaka kujua basi la Moyale linaondoka saa ngapi, au kama Turkana kunafikika mwezi wa Aprili, mtu alikuwa amekwisha jibu mle ndani. Kisha mwaka 2020 wakalifunga kwa ajili ya korona, na baadaye wakasema halirudi tena. Majibu yote yale, yaliyoandikwa bure na watu wenye moyo... kwisha.

Hapo sasa ndipo hoja nzito kuliko zote inapokuja, na imeletwa kwangu na mwenzangu wa kazini ambaye ni mkali kuliko mimi. Anasema: kwa nini nimfanyie tajiri wa Massachusetts kazi bure? TripAdvisor ilipoanza mwaka 2000, Stephen Kaufer na wenzake walitaka kukusanya makala za vitabu na magazeti ya usafiri. Wakaweka kitufe kidogo cha mgeni kuandika maoni yake, na maoni ya wageni yakameza kila kitu kingine. Yaani utajiri ule wote umejengwa na watu waliobofya kitufe bila kulipwa. Mwenzangu anasema yeye si punda.

Nakubaliana naye nusu. Ni kweli maneno yako ukishayaweka pale si yako tena kwa maana halisi. Wale wa CouchSurfing waliamka Mei 2020 wakakuta mlango umefungwa: lipa ada ama huingii, wanachama wa nchi nyingi, pamoja na wale waliokuwa wameijenga kwa miaka wakiandikiana dhamana. Lakini angalieni kisa cha Wikitravel, ambacho kila mwanaprogramu kijana angepaswa kukijua. Ilianzishwa 2003 na Evan Prodromou na Michele Ann Jenkins, kitabu cha usafiri ambacho yeyote anaweza kukihariri. Mwaka 2006 kampuni iitwayo Internet Brands ikainunua. Wajerumani hawakungoja, mwaka huo huo wakahama na maandishi yao wakaanzisha Wikivoyage. Wengine walivumilia hadi 2012, wakachoshwa na matangazo na programu iliyochakaa, wakaamua nao kuondoka. Kampuni ikawapeleka wawili mahakamani. Haikufaa kitu. Januari 2013 Wikivoyage ilizinduliwa chini ya Wikimedia, na iko hadi leo. Waliwezaje kuondoka na mizigo yao? Kwa sababu tangu siku ya kwanza maandishi yale yalikuwa chini ya leseni ya Creative Commons. Hakuna aliyeweza kuwafungia ndani.

Kwa hiyo ninamjibu mwenzangu hivi: usikatae kuandika, kataa kuandika mara moja tu. Mimi siku hizi ninaandika kwanza kwenye faili ya kawaida katika tarakilishi yangu. Kutoka pale nanakili maoni kwenye tovuti ambayo wasafiri wanaisoma, hata kama ni ya tajiri, kwa sababu mtu mwenye mama mwenye goti bovu hatatafuta kwenye tarakilishi yangu. Zile habari zisizo za kusifu wala kulaumu (kituo cha matatu kiko wapi, daraja limevunjika, zahanati iko upande gani) nazipeleka Wikivoyage na OpenStreetMap, ambako haziwezi kufungiwa. Kibera ilikuwa pengo tupu kwenye ramani za mtandaoni hadi 2009, vijana wa mle ndani waliposhika vifaa vya GPS wakatembea vichochoro na kuichora wenyewe. Hawakungoja mtalii.

Mtalii nimemtaja, basi nimseme kidogo. Sina ugomvi naye. Anaandika anachokiona, na mara nyingi ni mkweli kuliko sisi, kama yule Mjerumani wangu. Lakini maswali yake si maswali yangu. Nimesoma andiko la mtu aliyeipunguzia nyumba ya Lamu nyota kwa sababu adhana ilimwamsha alfajiri, kana kwamba msikiti ulihamia pale usiku ule kumkomoa. Hataniambia bei ya raia ni ngapi, kwa sababu yeye analipa ya mgeni. Hajui kama wanakubali M-Pesa ama wanataka kadi tu. Hataniambia kwamba maji ya bombani ni ya chumvi na ubebe ya kunywa, kwamba mlinzi getini atakuuliza maswali matatu ukiwa mweusi na hatamuuliza yeye hata moja, kwamba ukija na watoto watano na nyanya yao utapewa chumba gani. Hayo nayajua mimi na wewe. Tusipoyaandika hayako popote. Na tuyaandike kwa Kiswahili! Tovuti nyingi hutanguliza maoni yaliyo katika lugha ya msomaji, na asiyejua Kiswahili ana kitufe cha kutafsiri kama nilichokitumia kwa Kijerumani. Mtu wa Tanga au Muscat anayepanga safari ya Mombasa hahitaji kupitia Kiingereza ili ajue mahali pa kulala.

Najua mtauliza, basi huyo mkali anaandikaje? Nitawawekea hapa nilichoandika kuhusu ile nyumba, neno kwa neno, nimeondoa jina tu:

"Tulilala usiku tatu, Desemba, watu wazima wanne. Tulilipa bei ya raia, shilingi 7,500 kwa usiku. Nyumba iko ghorofani, ngazi 32, hakuna reli. Usimlete mzee. Pampu ilikuwa imeharibika siku zote tatu, tuliletewa maji ya mitungi. Kidimbwi hakikuweza kutumika. Vitanda vizuri, vyandarua vizima, jikoni kuna kila kitu. Kufika barabara kuu ni dakika 10 kwa miguu, na usiku ni heri kuita tuktuk. Mwangalizi anafanya kazi kwa bidii na heshima, yeye binafsi angepata nyota tano. Mbili hizi ni za mwenye nyumba."

Ndiyo hayo tu. Hakuna tusi. Hakuna "mbaya zaidi maishani mwangu". Kila sentensi ni jambo nililoliona kwa macho ama nililolilipia, na yeyote anaweza kwenda kuhakikisha. Mkisema mnaogopa kushtakiwa, andikeni hivyo: ngazi 32 ni ngazi 32. Na mnaona nimemtenga kijana na tajiri wake. Hili ndilo jibu ambalo sikuwa nalo usiku ule kwenye simu, dada yangu, kama unasoma.

Siku nne baada ya kuandika, mwenye nyumba alinitumia ujumbe. Hakuuliza mama anaendeleaje. Aliniahidi usiku mbili za bure nikifuta. Nilimwandikia kwamba sifuti, lakini pampu ikitengenezwa nitasema imetengenezwa, pamoja na tarehe. Akaniita jina moja ambalo sitalirudia. Mwezi wa pili akanitumia video: pampu mpya, bomba linamwaga maji, na yule kijana amesimama kando, anacheka. Nikampigia kijana mwenyewe kuhakikisha, akasema ni kweli, hata mgongo umepona. Nikabadilisha mbili kuwa tatu, nikaandika pampu ni mpya tangu Februari, ngazi bado ni 32.

Binamu yangu naye amerudi kwenye lake akalihariri. Ametaja maji, ametaja ngazi. Amepunguza kutoka tano hadi nne. Nilimuuliza hiyo nne imetoka wapi. Akasema vitanda vilikuwa vizuri sana.